Uchambuzi wa kisa: bahasha ya kwanza ya kipaimara

Kisa hiki ni cha kwetu, na sehemu iliyoharibika zaidi niliiharibu mimi. Nilikuwa katibu wa kamati ya sherehe ya kipaimara ya binti wa kaka yangu, Desemba 2023, ambayo fungu la kwanza la michango yake tulilitenga kwa ajili ya nguo na viatu vya watoto wenzake wa kipaimara. Nimeondoa majina ya watu, ya usharika na ya kijiji, na nimebadilisha vitu viwili vitatu vidogo ili mtu asinyooshewe kidole. Hesabu ni zile zilizomo kwenye daftari. Nimekiandika kwa sababu kila mwaka naulizwa na kamati nyingine: "Ninyi mliwezaje kuchangia wenzenu na sherehe ikafanyika?" Jibu la mdomoni huwa linaruka yale mabaya.

Mazingira

Mlimani Kilimanjaro kipaimara haiishii kanisani. Kwa sisi Walutheri mtoto husoma darasa la kipaimara kwa kawaida miaka miwili, anakariri Katekisimu Ndogo ya Martin Luther, Amri Kumi na maana zake, Imani, Sala ya Bwana, halafu anahojiwa mbele ya washarika huku mama yake akimsaidia kimoyomoyo kutoka benchi la tatu. Siku ya kubarikiwa anaingia kwa maandamano, anawekewa mikono, anashiriki Meza ya Bwana kwa mara ya kwanza. Baada ya hapo ni nyumbani. Hii ndiyo sherehe ya kwanza ambayo kadi imeandikwa jina lake peke yake, na kwa wengi ya pili ni harusi. Ndugu wa Dar na Arusha wanapanga likizo zao kwa tarehe hiyo. Kunakuwa na kamati, kadi za michango, ahadi, mshereheshaji, keki, na ndafu, yaani mbuzi mzima wa kuchoma, aliyekaa kwenye sinia na majani mdomoni.

Binti yetu alikuwa na miaka 15, amemaliza mtihani wa taifa wa kidato cha pili. Darasa lake la kipaimara lilikuwa na watoto 38. Kamati yetu ilikuwa na watu saba. Mwenyekiti ni kaka yetu mkubwa, yaani baba mkubwa wa binti. Bajeti ya awali ilikuwa shilingi 6,800,000 kwa wageni 250, na ukumbi wa kukodi. Kundi la WhatsApp lilikuwa na watu 112. Kazi yangu ilikuwa ile inayojulikana: kila jioni napandisha orodha, jina, ahadi, alichotoa, kilichobaki, na alama ya vema kwa aliyemaliza. Wasiojua hawataelewa nguvu ya orodha hiyo. Mtu anaweza kukaa wiki tatu bila kupokea simu yako, lakini akiona jina la shemeji yake lina vema na lake halina, saa mbili usiku ujumbe wa muamala unaingia, tena ametuma na ya kutolea.

Kilichotokea

Jumamosi za Oktoba watoto walianza mazoezi ya kuingia kanisani. Wanaingia wawili wawili, wamepangwa kwa kimo. Jumamosi ya pili binti alirudi amenuna. Nilikuwa nimekwenda kwa wifi yangu, mama yake binti, kuchukua kadi, akanifuata jikoni.

"Shangazi, sasa mimi nitaingia na nani?"

Mwenzake wa mstari hakuja. Wiki iliyotangulia pia hakuja. Akaanza kuhesabu kwa vidole wengine walioacha kuja, akafika saba, mwinjilisti baadaye akasema ni tisa. Sababu watoto wanaijua kabla ya wazee: nguo. Wasichana wanavaa gauni jeupe, wavulana shati jeupe na suruali nyeusi, na viatu visivyo vya shule. Mtoto asiye navyo haendi kwa mchungaji kusema sina. Anaacha kuja mazoezini, na darasa la miaka miwili linaishia hapo, amebakiza miezi miwili.

Wifi alilipeleka jambo hili kwenye kikao cha kamati Jumapili baada ya ibada. Kikao kilikuwa kirefu na si chote kilikuwa cha upole. Wiki iliyofuata uamuzi ulikuwa umepita (nitaueleza chini), mwinjilisti akatangaza darasani kwamba mwaka huu fundi atakuja kupima watoto wote, anayetaka nguo zishonwe kwa pamoja atashonewa, na bei kila mzazi ataelewana na fundi mwenyewe.

Fundi ni mama mmoja mwenye cherehani kwenye baraza ya duka njia panda. Alikuja na futi shingoni na daftari la kurasa themanini. Alipima watoto wote waliokuwepo. Miguu tuliichora: mtoto anavua kiatu, anakanyaga karatasi, kalamu inazunguka. Ule mrundo wa nyayo za karatasi ninaukumbuka kuliko sherehe yenyewe. Za wavulana zilikuwa na vidole vilivyotanuka kama vya watu wazima, na moja ilikuwa na doa la damu ya kujikwaa.

Watoto waliokuwa wameacha kuja walirudi, saba siku ileile, wa nane Jumamosi iliyofuata. Wa tisa, yule mwenzake binti, hakuja. Alikuja mdogo wake. Akasema dada yuko safarini, ila miili yao ni sawa, apimwe yeye. Fundi akapima, akaandika jina la dada. Sisi wote tulikuwa pale. Hakuna aliyeuliza safari gani hiyo ya katikati ya Oktoba.

Nguo zilishonwa Novemba. Viatu tulivinunua mitumba, soko la Memorial mjini Moshi, mimi na mhazini, tukiwa na zile nyayo za karatasi kwenye mfuko. Tulikuwa tunaweka karatasi ndani ya kiatu kuona kama inajikunja. Wauzaji walitucheka vizuri.

Mwishoni mwa Novemba mchangiaji mmoja aliandika kwenye kundi: "Katibu, hiyo hela ya watoto imeenda wapi, mbona hatuoni?" Hakuwa na nia mbaya, na swali lake lilikuwa halali kabisa. Nilikuwa kwenye daladala. Nilikuwa na picha ya karatasi ya fundi, ile tuliyoitumia kuandika majina juu ya mifuko: majina tisa, vipimo, na mbele ya kila jina kiasi. Nikaipandisha. Chini yake nikaandika kwamba hawa ndio watoto tisa wasiojiweza waliosaidiwa na familia yetu, Mungu awabariki wote mliotoa. Zikaja amina na mikono ya kushukuru, arobaini na kitu.

Kabla sijashuka kwenye daladala picha ilikuwa imeshatoka kwenye kundi letu na kuingia kundi la kijiji.

Kesho yake asubuhi bibi wa mmoja wa wavulana alifika nyumbani kwa mama yangu na mfuko wa karatasi. Ndani kulikuwa na shati, suruali na viatu, shati bado lina chaki ya fundi. Hakupiga kelele. Aliuweka mfuko kwenye kigoda akasema, "Mjukuu wangu hakuomba. Aliyeomba ni nani?" Kisha akaondoka, na mama yangu, mwenye miaka sabini na kitu, akabaki anaangalia mfuko.

Jioni ileile nikapata ujumbe mwingine, wa pembeni, kutoka kwa ndugu yetu aliyeko Dar. Alikuwa ameona jina la tisa kwenye ile karatasi. Aliuliza kama ni binti wa fulani wa bondeni, kwa sababu binti wa jina hilo anafanya kazi za ndani kwa jirani yao tangu Septemba.

Halafu ikaja tarehe 3 Desemba. Maporomoko ya tope yalishuka kutoka Mlima Hanang na kuufunika mji wa Katesh, Manyara, wakafa watu zaidi ya 80. Kwa siku kadhaa hakuna aliyetaka kusikia habari ya keki. Watu walikuwa wanakusanya mablanketi na unga, na walikuwa sahihi. Ahadi zetu zilikuwa zimefika 7,350,000. Fedha mkononi zilikuwa milioni nne na kidogo, na zikasimama hapohapo. Wachangiaji watatu walinipigia kuniambia kwa uwazi kwamba za kwetu wamezipeleka Hanang. Mpaka Jumamosi ya tarehe 16 tulikuwa tumefikisha 5,400,000. Jumapili ya tarehe 17 watoto wakabarikiwa.

Uamuzi na sababu zake

Kwenye kile kikao cha Oktoba yalikuwepo mapendekezo matatu. La kwanza lilikuwa la binti mwenyewe, kwa mdomo wa mama yake: sherehe ifutwe, fedha zote ziende kwa wenzake. Lilikufa mapema, na nadhani ilikuwa haki life. Watu waliotoa walitoa kwa ajili ya sherehe. Shangazi wa Mwanza aliyetuma elfu hamsini alitaka kuona picha ya mtoto amekata keki, na ana haki ya kuiona.

La pili lilikuwa la mwenyekiti, na ndilo linalotolewa kwenye kila kamati niliyowahi kukaa: "Tufanye sherehe kwanza, kitakachobaki tuwape hao watoto." Vichwa vikaitikia. Wifi akasema, kwa heshima zote, "Shemeji, kwenye sendofu ya mdogo wangu kilichobaki kilikuwa deni la mpishi." Watu wakacheka, lakini pendekezo lilikuwa limeshavunjika. Kila mmoja pale alijaribu kukumbuka sherehe iliyowahi kubakisha fedha, akakosa.

La tatu likawa hilo tulilolifuata: kutoa mwanzo. Kila fedha inayoingia, kabla haijaitwa ya ukumbi wala ya soda, fungu lake linatengwa. Wifi alitaka theluthi. Mwenyekiti akasema fungu la kumi linatosha, ni la kibiblia. Tukakutana kwenye moja ya tano, na sababu haikuwa na hekima yoyote: ni rahisi kukokotoa. Kila elfu tano, elfu moja. Mhazini alifungua bahasha ya kaki akaandika juu yake "YA KWANZA", na fedha za simu akazihamishia laini nyingine ambayo haikuwa na kazi. Kundi lilijulishwa siku hiyohiyo. Wawili walipunguza michango, mmoja aliongeza, waliobaki hawakusema kitu.

Kulikuwa na uamuzi mwingine ambao haukupigiwa kura: kwamba watoto wapimwe wote. Huo ulitoka kwa mwinjilisti. Alisema akiita tisa pembeni hatapata hata mmoja. Kwa njia yake, familia 22 zilishonewa na fundi, 13 zikamlipa zenyewe, tisa bili zao tukalipa sisi, na aliyekuwa akijua nani ni nani ni fundi na mwinjilisti. Hata sisi kamati hatukutakiwa kuyajua majina. Tuliyajua kwa sababu tulitaka mifuko iandikwe, jambo ambalo fundi angelifanya mwenyewe kama tungemwachia.

Baada ya Hanang uamuzi ulikuwa wa kukata. Ukumbi uliondoka, tukafunga turubai nyumbani. Mshereheshaji akaondoka, kazi yake akaifanya mjomba asiyechoka kuongea. Video ikaondoka. Wageni wakawa kama 180. Mwenyekiti alisimama kidete kwenye jambo moja tu, kwamba ndafu haguswi, na hakuguswa. Katikati ya purukushani hiyo mtu mmoja alipendekeza "tukope" laki mbili kwenye bahasha ya kwanza kwa ajili ya barafu na soda, zitarudishwa ahadi zikikamilika. Mhazini alikataa kwa sentensi fupi: ile laini haijasajiliwa kwa jina lake, ni ya mke wake, na mke wake yuko kwao. Mpaka leo sijui kama ilikuwa kweli.

Na lile la bibi aliyerudisha mfuko? Mimi nilitaka kwenda kuomba radhi nikiwa na sukari na kitenge. Mama yangu akasema sukari itakuwa tusi la pili. Alikwenda yeye, na wifi, na jani la sale. Kwetu jani hilo ukimpelekea uliyemkosea unasema umekuja kwa amani, na mwenye kulipokea ni vigumu sana kukufukuza. Mimi niliambiwa nibaki nje mpaka niitwe. Niliitwa baada ya muda ambao niliona ni mrefu. Bibi alikuwa ameshika jani. Akasema shati atalichukua, kwa sharti: naye atachangia sherehe ya binti yetu, na jina lake liandikwe kwenye orodha ileile ya wachangiaji, kwa herufi zilezile. Siku tatu kabla ya sherehe aliteremka na mkungu wa ndizi za mshare ambao wanaume wawili walisaidiana kuutua. Ndio uliopikiwa mtori. Kwenye orodha niliandika: mkungu mmoja, amemaliza, vema.

Matokeo

Kwenye bahasha ya kwanza ziliingia 1,080,000. Magauni matano yaligharimu 225,000, mashati na suruali za wavulana wanne 140,000, viatu jozi tisa 198,000. Jozi mbili hazikuingia mguuni tukanunua nyingine kwa 50,000, na moja kati ya hizo mpya nayo ilikuwa inabana. Mvulana mmoja alikwenda madhabahuni amekanyaga visigino vya viatu kama kandambili. Kosa lilikuwa letu: tulichora miguu Oktoba, na wengine walichorwa wakiwa na soksi, wengine peku, wala hatukuandika nani alivaa soksi. Jumla iliyotumika ni 613,000. Zikabaki 467,000. Laki tatu tukazikabidhi kwa diakonia, huduma ya usharika kwa wahitaji, kwa stakabadhi, kwa ajili ya sare za Januari, na 167,000 tukaziacha kwa mhazini kwa ajili ya yule wa tisa.

Watoto wanane kati ya tisa walibarikiwa tarehe 17 pamoja na wenzao. Binti yetu aliingia na msichana mwingine mfupi kuliko yeye, mstari ukawa na kishimo. Nguo zilikuwa nyeupe zilezile. Nilikaa benchi la pembeni nikijaribu kuwatambua wale wanane kwa macho, nikashindwa isipokuwa kwa yule wa viatu. Alasiri watoto walizunguka nyumba kwa nyumba kama kawaida, wakala pilau mara tano, na kwetu walifika karibu wote, kwa hiyo hatukuhitaji kumwalika yeyote kwa jina la msaada.

Gauni la tisa lilibaki kwa fundi, kwenye msumari, ndani ya nailoni.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi ni mpangilio wa kutoa. Hata ahadi zilipokwama, bahasha ilikuwa imeshajaa kwa kadiri ya kilichoingia, maana tulikata kwenye fedha taslimu, hatukukata kwenye ahadi. Hilo ni jambo dogo la kihasibu lakini ndilo lililookoa kila kitu. Kama tungesema "tutatoa milioni moja na laki tano", ambayo ni karibu moja ya tano ya ahadi, mwezi wa Desemba tungekuwa tunagombania soda na viatu kwenye meza moja, na viatu vingeshindwa. Sherehe ina njia elfu za kudai. Mgeni akikosa soda anaonekana, mtoto aliyekosa gauni amekaa nyumbani, hamwoni.

Kilichofanya kazi vilevile ni kupima wote. Msaada ulipita kwenye njia ambayo tayari ilikuwa ya kila mtu: mzazi anaelewana na fundi. Wapo waliolipa kwa mafungu, yupo aliyelipa kwa maziwa, wapo ambao hawakulipa. Hayo ni mambo ya kawaida ya fundi yeyote wa kijijini, na hakuna anayeuliza.

Sasa kosa langu. Kwa miezi mitatu nilikuwa nikiandika orodha, na orodha kwenye sherehe zetu ni kitu cha heshima. Jina lako kuwemo ni sifa. Nilichukua mkono uleule, kwenye simu ileile, nikaandika orodha ya wanaopokea, bila kuona kwamba kwao jina kuwemo ni kinyume chake. Aliyeuliza fedha imeenda wapi alistahili jibu. Jibu lilikuwa stakabadhi moja ya fundi: mavazi tisa, jumla kadhaa, sahihi. Tangu hapo nimekaa kwenye kamati mbili nyingine na hivyo ndivyo tunavyofanya. Kuna mtu mmoja nje ya familia, mara nyingi mzee wa kanisa, anayeruhusiwa kuona majina na kuthibitisha kwamba yapo, basi. Wakati ule Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilikuwa imeshaanza kutumika tangu Mei 2023, na wale tisa wote walikuwa chini ya miaka 18. Sikuifikiria hata kidogo, na sidhani kama ningeifikiria ningekuwa nimejifunza zaidi ya nilichojifunza nikiwa nimesimama nje ya ua wa yule bibi.

Neno "wasiojiweza" lilinikera baadaye kuliko picha yenyewe. Yule bibi anauza ndizi na maziwa, amelea wajukuu wanne. Anajiweza sana. Desemba ile alikuwa hana elfu hamsini na saba za nguo na viatu kwa wakati mmoja, na hilo ni jambo tofauti. Aliposema ataleta mkungu hakuwa anajikosha. Alikuwa anarudi kwenye orodha yake halali.

Lililo gumu zaidi ni la mtoto wa tisa, na hapa mambo mawili niliyoyasifu yananigeuka. Usiri uliomlinda kila mtu ndio uliotufanya tusiulize. Tulikuwa na idadi, vipimo na nyayo, tukadhani tunajua tatizo. Sababu ya wanane ilikuwa nguo. Sababu yake yeye ilikuwa nyingine kabisa: alifaulu darasa la saba, akaanza kidato cha kwanza, akaacha. Elimu bila ada, iliyoanza mwaka 2016, iliondoa ada kwenye shule za serikali mpaka kidato cha nne. Haikuondoa sare, madaftari wala njaa ya saa saba mchana. Mama yake aliumwa mwaka ule, na kazi ya Dar ikapatikana. Mdogo wake alipokuja kupimwa kwa niaba ya dada, alikuwa ametumwa alinde siri ya nyumbani, na sisi tulikuwa na haraka ya kulinda heshima yao, tukapishana. Mwinjilisti angeweza kwenda nyumba tisa, nyumba moja kila jioni, kabla futi halijafunguliwa. Kutembelea ni kazi yake, kusingemwaibisha mtu. Hatukumwomba.

Na ukweli usiofurahisha ni kwamba bila ile picha niliyoipandisha kwa ujinga, huenda tusingejua mpaka Krismasi. Silitumii hilo kujitetea. Nalitaja kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Wifi alimpigia simu mwajiri wa mtoto huyo mapema Desemba. Mwajiri alikuwa muungwana, ila alikuwa na wageni wa sikukuu, hakuweza kumwachia kabla ya tarehe 26. Mchungaji ndiye aliyepata njia: akaandika barua ya utambulisho kwenda usharika ulio karibu na nyumba ya mwajiri, kwamba mtoto huyu amesoma karibu miaka miwili, aungane na darasa lao. Mwajiri akakubali Jumamosi zake za asubuhi ziwe za darasa. Wengi kwenye kamati waliona hilo ni dogo, walitaka arudishwe kijijini. Hakuna aliyekuwa na jibu la arudi kufanya nini.

Pasaka ya 2024 alipewa siku nne. Alikuja, akalijaribu gauni kwa fundi, binti yetu akiwa pembeni amemshikia kioo. Kiuno kilikaa sawa. Mikono ilikuwa mifupi, maana vipimo vilikuwa vya mdogo wake. Fundi akafungua upindo, akasema kitambaa alichoacha ni inchi moja na nusu tu, atakachopata ndicho hicho. Jumatatu ya Pasaka akapanda basi kurudi.

Alibarikiwa Dar, Desemba 2024, na watoto wa usharika ambao hatuwajui. Gauni tulilituma kwa basi kwenye boksi. Kiatu alinunuliwa na mwajiri wake, hata keki, kwa hiyo zile 167,000 bado ziko kwenye laini ya mke wa mhazini, na kila kikao mtu anapendekeza zifanye kitu kipya. Picha ilinijia kwenye simu jioni: amesimama mbele ya geti la bluu, mikono ya gauni imeishia juu kidogo ya kifundo, ameshika cheti kwa mikono miwili. Nilimtumia binti wetu. Kwenye kundi sijaiweka.